Sita ni Tano na Moja: Historia Fupi ya Hesabu za Chekechea Mpakani Busia na Tororo

Mwaka 2007 nilikuwa na umri wa miaka mitano, na nilikuwa nyota wa chekechea yetu upande wa Kenya wa mji wa Busia. Siku ya kufunga shule nilisimamishwa mbele ya wazazi, nikaimba nambari kuanzia moja hadi mia bila kukwama, nikapigiwa makofi. Wiki iyo hiyo mama alinipeleka kumsalimia nyanya, mama yake mzazi, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tororo, Uganda. Nyanya alinituma nimletee mayai sita kutoka kwenye kapu. Nilienda nikiimba nambari zangu. Nilirudi na mayai yote niliyoweza kuyakumbatia, na mawili yakavunjikia mlangoni.

Nyanya hakunigombeza. Alinikalisha chini, akanifungua kiganja cha mkono wa kushoto, akagusa kidole kimoja kimoja mpaka vikaisha. "Ikany," akasema kwa Kiteso, yaani tano. Kisha akaninyanyua kidole gumba cha mkono wa kulia, akakisogeza karibu na vile vitano. "Ikany kape." Tano na moja. Alinipa bakuli, nikarudi kwenye kapu, nikaweka mayai matano, nikasita, nikaongeza moja.

Nimelikumbuka bakuli hilo mara nyingi tangu nianze kusoma Kiswahili na Historia chuoni. Niliweza kuimba hadi mia, lakini sikujua sita ni nini. Je, ni kosa la mwalimu wangu? Sidhani. Katika insha hii nafuatilia jinsi hesabu za watoto wadogo zilivyofundishwa katika mpaka huu kwa takribani miaka sitini. Hoja yangu ni kwamba mipango mingi iliyofika hapa ilianzia kwenye kitu cha kununuliwa, kiwe kitabu au chati, wakati mtoto mdogo huanzia kwenye kitu anachokishika na neno analolielewa. Palipokuwa na mwalimu wa kuunganisha hayo, picha ilisaidia. Asipokuwepo, picha ilibaki ukutani.

Mpaka na maneno ya kuhesabia

Kabla ya mwaka 1902, eneo lote hili lilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukawa sehemu ya Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mstari mpya ulipita katikati ya Wateso na katikati ya Wasamia. Ndiyo sababu mimi, ambaye baba ni Msamia wa Busia na mama ni Mteso wa Tororo, nina jamaa pande zote mbili, na ndiyo sababu mtoto wa mpakani hukutana na lugha tatu au nne kabla hajaingia darasa la kwanza.

Jambo hili lina uzito katika hesabu kuliko tunavyodhani. Kiteso huhesabu kwa msingi wa tano. Sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili, na kuendelea hadi tisa. Mtoto anayetamka nambari hizo anajumlisha bila kujua. Kiswahili kina uwazi wa namna nyingine: kumi na moja inasema yenyewe kuwa ni kumi ukiongeza moja, jambo ambalo Kiingereza hakisemi katika neno lake la kumi na moja. Lakini sita, saba na tisa za Kiswahili zimetoka katika Kiarabu, na mtoto hawezi kuona tano wala tatu ndani yake. Waswahili wa zamani walikuwa na tandatu kwa sita, neno ambalo tatu inasikika ndani yake, na kenda kwa tisa. Fungate, ambayo leo tunaijua kama siku za maarusi, asili yake ni saba. Sisemi turudi huko. Ninachosema ni kwamba mwalimu wa chekechea anayefundisha sita kwa Kiswahili au kwa Kiingereza ana kazi ya ziada: lazima akionyeshe kile ambacho neno lenyewe halikionyeshi.

Hisabati mpya kutoka Entebbe

Mwaka 1962 wataalamu wa Kiafrika, Waingereza na Wamarekani walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vipya vya hisabati kwa ajili ya nchi za Afrika zilizotumia Kiingereza. Kazi hiyo ilijulikana kwa jina la Hisabati ya Entebbe, na ilikuwa tawi la vuguvugu la dunia lililoitwa hisabati mpya. Badala ya kuanza na kukariri majedwali, mtoto alianza na seti: vitu vinavyofanana, vitu vinavyotofautiana, kundi lipi ni kubwa kuliko lipi.

Kwa macho ya leo, wazo hilo lilikuwa zuri kwa watoto wadogo, kwa kuwa kupanga vitu katika makundi ni kazi ya mikono. Tatizo lilikuwa katika kulifikisha. Tume ya Elimu ya Kenya, maarufu kama Tume ya Ominde, ilikuwa imependekeza mwaka 1964 kwamba Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Kwa hiyo mwalimu wa kijijini, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma kwa majedwali, alitakiwa kufundisha dhana ngeni, kwa lugha ngeni, kwa mtoto asiyejua hata neno la "kundi" katika lugha hiyo. Mwaka 1976 ripoti ya Gachathi ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi. Mwaka 1981 Rais Moi aliifuta hisabati mpya nchini Kenya baada ya malalamiko mengi ya walimu na wazazi.

Wazee niliowauliza nyumbani wanaikumbuka kama "hesabu za duara", kwa sababu ya michoro ya seti ubaoni. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kushika kitu. Nadhani hilo linatuambia mengi juu ya kilichotokea. Seti zilikusudiwa kuwa mawe, majani na vijiti. Kwa wengi ziliishia kuwa duara la chaki.

Vifuniko vya soda

Wakati huo huo kulikuwa na historia nyingine ya kimya. Baada ya uhuru, vijiji vingi vya Kenya vilijenga shule za watoto wadogo kwa harambee. Wazazi walitoa nguzo, mabati na kiwanja, wakamchagua mwalimu kutoka miongoni mwao na kumlipa walichoweza. Mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya ilianzisha mradi wa elimu ya awali kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi. Mradi huo ulizaa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo mwaka 1984, na vituo vya wilaya vya kuwafunza walimu vikaanza mwaka 1985.

Mafunzo hayo yalisisitiza vifaa vya mahali: vifuniko vya soda, mbegu, magunzi ya mahindi, udongo wa mfinyanzi, vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Shangazi yangu, dada ya baba, amefundisha chekechea Busia kwa zaidi ya miaka ishirini, na bado anaweka vifuniko vyake ndani ya kopo la rangi. Aliniambia kwamba alipoanza hakuwa na hata kitabu kimoja, na kwamba kopo lile ndilo lililokuwa kitabu chake.

"Lakini mlinifundisha kuimba tu, shangazi," nilimwambia.

"Mwanangu, mlikuwa wengi na kopo lilikuwa moja. Na wazazi walitaka kusikia mia. Nani angepiga makofi kwa mtoto aliyeleta mayai sita?"

Jibu hilo limebadilisha jinsi ninavyoiangalia historia hii. Kukariri hakukutokana na ujinga wa walimu. Kulitokana na idadi ya watoto, uhaba wa vifaa, na kile ambacho jamii ilikihesabu kuwa ni kusoma.

Busia inapimwa

Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, Busia na Teso zilijulikana katika ulimwengu wa wachumi kwa sababu ambayo watu wengi wa Busia wenyewe hawaijui. Shirika la Kiholanzi la ICS lilikuwa likisaidia shule za msingi za hapa. Mwanauchumi Mmarekani Michael Kremer na wenzake walishirikiana nalo kupima, kwa njia ya bahati nasibu, ni msaada gani unaofaa. Shule ziligawanywa kwa kura: baadhi zilipata msaada kwanza, nyingine zikasubiri, kisha matokeo yakalinganishwa. Utafiti wao wa dawa za minyoo, katika shule 75, ndio uliopata sifa zaidi. Mwaka 2019 Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa njia hiyo ya utafiti.

Kwa insha hii nataka tuangalie tafiti tatu nyingine, ambazo zinagusa moja kwa moja vitabu, picha na watoto wadogo.

Ya kwanza ni ya vitabu vya kiada. Mwaka 1996 shule 25 kati ya 100 zilipewa vitabu. Kwa wastani alama za mtihani hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Watafiti walieleza kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa vijijini ni lugha ya tatu, kwa hiyo wengi hawakuweza kuvisoma vyema.

Ya pili inahusu chati kubwa zinazofunuliwa ukurasa baada ya ukurasa mbele ya darasa, zikiwemo chati za hisabati. Wazo lilikuwa kwamba mtoto asiyeweza kusoma kitabu ataelewa mchoro. Watafiti walipolinganisha tu shule zilizokuwa na chati tayari na zisizokuwa nazo, shule zenye chati zilionekana kufanya vizuri zaidi. Lakini katika jaribio la shule 178, ambapo nusu yake zilichaguliwa kwa kura na kupewa chati, hawakupata ushahidi kwamba chati ziliinua alama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004, na sisi wanafunzi wa historia tunapaswa kuyasoma kwa sababu yanatuonya kuhusu ushahidi. Huenda shule iliyokuwa imejinunulia chati ilikuwa na mwalimu mkuu makini na wazazi wanaojituma, na chati ilikuwa alama ya mambo hayo, sio chanzo chake.

Ya tatu ilifanywa katika shule za chekechea zenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kati ya chekechea 50, kura iliziangukia 25, na watoto wake wakapewa uji wa asubuhi bila malipo. Mahudhurio yalikuwa juu kwa asilimia 30 kuliko katika zile nyingine. Lakini alama za watoto zilipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa na uzoefu kabla ya mradi kuanza. Kwingineko watoto walikuja, wakanywa uji, madarasa yakajaa, muda wa kufundisha ukapungua, na alama hazikusogea.

Tafiti hizi hazifanani. Chati na vitabu vilikuwa vya shule ya msingi, na uji haukuwa somo la hesabu. Sitaki kuzilazimisha zisema zaidi ya zilivyosema. Hata hivyo nikiziweka pamoja naona mkondo mmoja. Kitu kilichopelekwa shuleni kilimsaidia mtoto ambaye tayari alikuwa na daraja la kukifikia: lugha ya kitabu, au mwalimu anayejua kazi.

Mkono, picha, alama

Mwanasaikolojia Mmarekani Jerome Bruner aliandika mwaka 1966 kwamba mtu hujifunza kwa njia tatu: kwa kutenda, kwa picha, na kwa alama. Mtoto anayejifunza sita kwanza hushika vitu sita, halafu huona picha ya vitu sita, halafu huandika 6. Karne moja na zaidi kabla yake, Friedrich Froebel, Mjerumani aliyebuni jina la kindergarten, alikuwa amewapa watoto mipira na vipande vya mbao wavishike na kuvipanga. Wazo la kuanzia mkononi ni la kale, na nyanya alilifahamu bila kumsoma yeyote kati yao.

Nilikaa siku moja katika darasa la shangazi. Alikuwa amechora hadithi ya picha juu ya magunia ya sukari yaliyofunguliwa na kushonwa pamoja. Ni hadithi ya kuku mwenye vifaranga kumi na mwewe anayezunguka juu. Kila mtoto alikuwa na punje kumi za mahindi mbele yake. Shangazi alipofunua gunia la pili, picha ilionyesha vifaranga tisa na mwewe akiruka. Watoto waliondoa punje moja kila mmoja, wakahesabu zilizobaki. Hapo ndipo shangazi alipouliza, "Mwewe amechukua wangapi? Kuku amebaki na wangapi?" Kufikia gunia la tano, mtoto mmoja alikataa kuondoa punje. Alisema kuku wake amewaficha watoto. Darasa zima likaanza kubishana ni vifaranga wangapi walio hai na wangapi walio mafichoni, na bila kupangwa wakajikuta wakijumlisha.

Darasani pia palikuwa na vitabu vitatu vya picha vya kiwandani, vizuri, vya rangi, kwa watoto arobaini. Shangazi huvitumia mwishoni, watoto wakiwa wameshajua hadithi kwa mikono yao. Siku hizi hadithi za picha hupatikana pia bila malipo mtandaoni kupitia mradi wa African Storybook, zikiwemo za Kiswahili, na mwalimu mwenye simu anaweza kuzichora upya kwenye gunia.

Pande mbili, njia mbili

Leo mpaka umekuwa rahisi kuvuka. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na madereva wa malori hukaguliwa mara moja tu. Lakini mtoto wa miaka minne akivuka mpaka huo anahama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine.

Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti, na tangu mwaka 2013 kaunti ndizo zinazoajiri walimu na kujenga madarasa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, unaita somo hili shughuli za hisabati, na unaanza na kuainisha, kulinganisha na kupanga vitu kabla ya nambari. Msomaji atakumbuka kwamba ndiko Entebbe walikotaka kuanzia. Kilichofutwa mwaka 1981 kimerudi kwa jina jingine, na safari hii kimeandikiwa umri unaokifaa.

Uganda ilianzisha mwaka 2007 mtaala wa mada kwa madarasa matatu ya kwanza ya shule ya msingi, unaotumia lugha ya eneo. Lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliiacha elimu ya awali mikononi mwa wazazi na watu binafsi, serikali ikibaki kusajili na kusimamia. Matokeo yake, binamu yangu wa Tororo ambaye wazazi wake hawakuweza kulipa karo aliingia darasa la kwanza bila kupita chekechea, huku mtoto wa jirani akiingia akiwa ameshasoma miaka mitatu.

Pande zote mbili nilikuta shinikizo lile lile la mwaka 2007. Shangazi amepoteza watoto sita mwaka huu. Wazazi wao wamewahamishia shule za binafsi kwa sababu, kwa maneno ya mzazi mmoja, mtoto analeta nyumbani punje za mahindi mfukoni badala ya daftari lenye alama za vema. Simlaumu mzazi huyo. Analipa ada kwa jasho, na daftari ni risiti yake. Lakini watoto wakizidi kupungua, darasa la shangazi linaweza kuunganishwa na lingine, na mwalimu anayebaki hatakuwa lazima yeye.

Hitimisho

Historia hii inanifundisha kwamba swali la kununua vitabu vya picha au kutovinunua limeulizwa vibaya. Vinunuliwe, na vingi. Lakini visipotanguliwa na punje za mahindi, na mwalimu aliyefunzwa na kulipwa ili abaki, vitaungana na chati na duara za chaki katika orodha ya vitu vilivyopita Busia. Na mzazi anahitaji kuonyeshwa, siku ya kufunga shule, jambo la kupigia makofi lililo tofauti na kuimba hadi mia.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu pia. Shangazi ameniomba nimwandikie hadithi ya picha ya kuhesabu, kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Kisamia na wa Kiteso ataelewa. Nimeandika juu ya msichana anayetumwa mayai. Kurasa tano za kwanza zilinichukua jioni moja. Ukurasa wa sita ulinichukua wiki, kwa sababu kila nilipoandika "mayai sita" niliona neno ambalo halionyeshi kitu. Mwishowe nimechora mayai matano ndani ya bakuli, na moja mkononi mwa msichana, halijawekwa bado. Chini yake nimeandika: "Matano, na moja. Hayo ni sita." Nilipompelekea nyanya aone, alihesabu kwa Kiteso, akafika kwenye yai la mkononi, akacheka, akaniuliza yale mawili yaliyovunjika nimeyachora wapi.